Kanga huzaa ugenini, bora awe jike

Sasa nimechoka. Kila mwenye kanga wawili bandani wasiotaga, jibu lake ni hilohilo: "Si unajua tena, kanga hazai ugenini." Methali ni nzuri, imetungwa kwa ajili ya watu, wala sina ugomvi nayo. Lakini kama ingekuwa ndiyo elimu ya ufugaji, kusingekuwepo kanga hata mmoja wa kufugwa hapa Unguja, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, maana kila mmoja wao alianzia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kabla hujanitajia methali, nijibu hili: umejuaje kama mmoja wao ni jike?

"Aliyeniuzia aliniambia ni jozi." Na yeye alijuaje? Alitazama vile vinyama vyekundu vinavyoning'inia pembeni ya mdomo, akaona mmoja anavyo vikubwa kidogo, akasema huyu bwana, huyu bibi. Ndege wenyewe wana wiki sita. Hapo hakuchagua, amebahatisha. Chukua vifaranga wawili bila kuwajua: katika kila jozi nne, mbili zitakuwa dume na jike, moja itakuwa madume watupu na moja majike watupu. Nusu ya wanunuzi wa "jozi" wameuziwa kitu kingine. Mwenye majike mawili angalau atakula mayai, ingawa atayalaza chini ya kuku mpaka yaoze. Mwenye madume mawili ndiye anayekuja na methali.

Njia ya kumjua jike ni sauti. Jike hulia mapigo mawili, la kwanza fupi, la pili linapanda na kuvutwa: ka-kwii, ka-kwii, ka-kwii, na anaweza kuendelea hivyo mpaka jirani aje kugonga mlango. Dume hana pigo la pili. Yeye ni chek-chek-chek-chek, kama cherehani iliyokosa mafuta. Huanza kutofautiana wakiwa na wiki sita, lakini mimi sisemi kitu kabla ya wiki nane, na napenda zaidi kusubiri kumi.

Hapo watu husema wameelewa, wakarudi nyumbani wakakosea. Jike naye, akishtuka, akiona paka au kunguru, hulia pigo moja kama dume. Dume ndiye asiyeweza kulia mawili. Maana yake ni hii: ukimsikia ndege analia mapigo mawili, huyo ni jike, mfunge uzi mguuni, umemaliza. Ukimsikia analia moja, bado hujajua kitu. Narudia kwa sababu hapa ndipo jozi nyingi zinapoharibikia: kulia moja si dalili ya dume, ni dalili ya kwamba hujasikiliza vya kutosha. Na ndani ya kundi la ndege kumi wote wanaopiga kelele pamoja, huwezi kujua nani kasema nini. Utaapa kwamba ni yule wa kulia, kumbe ni aliye nyuma yake.

Mtoe mmoja asubuhi, mtie ndani ya tenga, liweke nyuma ya banda mahali anapowasikia wenzake lakini hawaoni. Jike aliyetengwa huwaita wenzake, na huita kwa mapigo mawili, mara nyingi ndani ya dakika chache. Mpe nusu saa. Asipolia mawili, mrudishe, mjaribu siku nyingine. Siku tatu bila ya mapigo mawili, namhesabu dume, na hata hapo namwambia mnunuzi kwamba nimemhesabu, sikumthibitisha. Kuna majike wakimya. Hakuna mfugaji mkweli atakayekuhakikishia kundi zima kwa sikio, na anayekuhakikishia mpe kazi ya kutabiri mvua pia.

Vile vinyama vina kazi yake, baadaye. Vya dume huwa vikubwa, vinene, vimejikunja kuelekea mbele kama kijiko. Vya jike ni vidogo, bapa, vimelala. Tofauti hiyo inaaminika baada ya wiki 16 hivi, na pale tu unapolinganisha ndege wa umri mmoja waliokula chakula kimoja. Jike wa miaka miwili akisimama karibu na dume wa miezi minne, atakudanganya mchana kweupe. Pembe ya utosini siitumii kabisa. Rangi haisemi chochote: wa madoa, weupe, wa kijivu cha majivu, wote wana madume na majike. Mifupa ya nyonga inasaidia kwa aliyekomaa: mshike, papasa chini ya mkia, na kwa jike anayetaga vidole viwili mpaka vitatu hupita baina ya ile mifupa miwili, kwa dume hata kimoja hubanwa. Lakini jike aliyepumzika kutaga naye hujibana, kwa hiyo ni yaleyale: nafasi pana ni jike, nafasi finyu si jibu.

Ndiyo maana siuzi jozi ya vifaranga. Nauza sita, bila kuwachagua. Uwezekano wa sita wote kuwa jinsia moja ni mmoja katika 32. Anayetaka wawili tu waliothibitishwa, asubiri wakomae na alipie kazi ya kusikiliza.

Sasa nikubali jambo moja, maana methali haikutoka hewani. Kanga mkubwa aliyehamishwa, hata akiwa jike kamili, anaweza kusimama kutaga kwa muda mrefu, na nimeona hakuna kanuni ya muda gani. Mwingine wiki chache, mwingine msimu mzima. Halafu kuna umri na majira. Jike huanza kutaga akiwa na miezi saba hivi, na huku kwetu hufuata mvua, masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Disemba. Ukinunua ndege wa miezi mitano mwezi wa Juni, ukalalamika mwezi wa Julai, unamlalamikia kalenda. Nunua wadogo, wiki nane mpaka kumi, wakulie kwako, wasijue ugeni ni nini.

Pia inawezekana anataga na wewe huna habari. Kanga akiachiwa hatagi ndani ya banda. Anataga kwenye nyasi, chini ya mkarafuu, nyuma ya lundo la makuti, na majike kadhaa hushirikiana kiota kimoja mpaka mayai thelathini. Wafungie mpaka saa nane mchana, kwa sababu wengi hutaga kuanzia asubuhi mpaka mapema mchana, ndipo uwafungulie. Ukipata kiota, acha mayai manne au matano. Ile hadithi ya kuyachota kwa kijiko ili asinuse mkono wa mtu, mimi siiamini. Anahama kwa sababu amekukuta hapo au amekuta kiota kitupu. Kijiko unaweza kukitumia ukipenda, hakidhuru, ila nenda wakati wao hawapo.

Dume mmoja kwa majike wanne, watano ukijikaza. Si kumi. Kanga wa mwitu hujitenga wawili wawili msimu wa kuzaa, na dume wako bado ana tabia hiyo, mwanzoni mwa msimu humganda jike mmoja na wengine kuwasahau. Anayemweka na kuku akitegemea chotara, hutokea mara chache na chotara hazai.

Kutotolesha: siku 26 mpaka 28. Kuku wa kienyeji anayelalia anafaa sana, mayai 15 mpaka 18 kwa mwenye mwili mkubwa, lakini usichanganye na mayai ya kuku. Ya kuku yataanguliwa siku ya 21, mama atainuka na watoto wake, ya kanga yatapoa. Kwa mashine yenye feni ni nyuzi 37.5, unyevu asilimia 50 mpaka 55, siku tatu za mwisho 65 mpaka 70. Geuza mara tatu kwa siku, acha kugeuza siku ya 24. Ganda lake ni nene na la kahawia, kwa hiyo kulimulika siku ya saba utaona giza tu. Subiri ya kumi. Mayai ya kuhifadhi yasizidi siku saba, ncha kali chini. Na anayetegemea mashine peke yake akumbuke kuwa umeme wetu unapita chini ya bahari. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme, hawahitaji kukumbushwa. Mimi huwa na kuku mmoja anayelalia mayai ya uongo wakati mashine inafanya kazi, kwa dharura.

Vifaranga ndipo fedha inapofia. Ubaya ni kwamba mayai mengi huja na mvua, na kinachowaua vifaranga wa kanga kuliko kitu chochote ni kulowa. Mkubwa wa kanga anastahimili jua, mvua na njaa, na hilo ndilo linalowadanganya watu kwamba na mdogo ni hivyo. Mdogo akipita kwenye nyasi zenye umande asubuhi moja, jioni unamzika. Mama kanga mwenyewe ndiye mbaya kuliko wote, anawaburuza kwenye majani yaliyoloa bila kutazama nyuma. Usimwachie watoto. Wakae ndani kavu wiki sita: joto nyuzi 35 wiki ya kwanza, punguza tatu kila wiki. Sakafu isiwe gazeti wala plastiki, miguu itateleza na kupanuka kila mmoja upande wake, na haitibiki kirahisi. Tumia gunia au maranda makavu. Chombo cha maji kiwe cha chini, kitie vijiwe, wanazama kwenye kina cha kidole.

Chakula sasa, na hapa naomba utulie. Kifaranga wa kanga anahitaji protini asilimia 24 mpaka 26 kwa wiki nne za mwanzo. Chakula cha vifaranga wa kuku kina kama 20. Wengi wanawapa hicho hicho, wanaona wamedumaa na miguu dhaifu, wanasema mbegu mbaya. Ongeza dagaa wa kusaga: ikiwa dagaa wako ana asilimia 55 hivi, kilo 10 za chakula kwa kilo moja na robo ya dagaa zinakufikisha 24. Lakini dagaa gani? Dagaa wetu wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na ile chumvi ni sumu kwa kifaranga. Chumvi inamnywesha maji mno, anahara, anaanguka upande, na mwenye banda anasema ni kideri, ule ugonjwa wa Newcastle. Waonje. Naam, tia mdomoni. Wakiwa na chumvi, waroweke, umwage maji, uwaroweke tena, uwaanike upya, au tafuta waliokaushwa bila kuchemshwa. Mwenye kununua unga uliosagwa tayari hajui ananunua chumvi kiasi gani, wala mchanga kiasi gani, na hesabu yangu ya kilo na robo inakuwa haina maana. Mchwa ni bora, wakipatikana: chungu kilichojazwa samadi kavu na makapi, kilichonyunyizwa maji, kikapinduliwa penye njia zao jioni. Baada ya wiki nne shuka polepole mpaka 18, na wakishatoka nje wanajitafutia sehemu kubwa wenyewe, kupe wakiwemo.

Kideri wanaugua. Wanaonyesha dalili kidogo kuliko kuku, ndiyo maana watu huamini hawaugui, lakini wanaweza kuupokea na kuupitisha kwa kuku wako. Tone moja la chanjo jichoni, rudia kila miezi mitatu, pamoja na kuku wote wa nyumba siku hiyohiyo. Tusipoteze muda hapo.

Bei watu hupanga kwa kuangalia kuku wa kienyeji sokoni Darajani, wakaongeza kidogo kwa sababu ya madoa. Hiyo si hesabu. Kifaranga mpaka wiki 12 amekula kilo nne mpaka tano za chakula, na wiki za mwanzo ndizo za chakula ghali. Kisha gawa gharama ya wote kwa waliobaki. Ukitotolesha 20 ukauza 13, wale saba walikula kabla ya kufa, na chakula chao kinalipwa na hao 13. Mayai ya kutotolesha yana faida bora kuliko ndege, kwa kuwa hatari yote umemhamishia mnunuzi, kwa hiyo mwambie tarehe ya kutagwa bila kumficha. Na kanga aliyetegwa msituni usimnunue hata akiwa wa bei ya bure. Kororo, kanga wa mwitu wa msitu wa Jozani, waacheni Jozani. Si mbegu ya kufuga, na akiingia bandani kazi yake ni kujigonga ukutani.

Kwa kusafirisha, tenga liwe fupi, kanga akiwa na nafasi ya kuruka anaruka na kuvunja kichwa kwenye kifuniko. Safirisha usiku au alfajiri, gizani hutulia. Ukifika nao kwako, wafungie wiki sita kamili, chakula kiwe saa moja na mahali pamoja, wakikusikia ukipiga debe kabla ya kumwaga. Kisha fungua jioni, saa moja kabla ya jua kuchwa, wawili tu, wenzao wakiwa ndani wanawaita. Kesho yake wawili wengine.