Usawa wa hadhi si usawa wa mifuko

"Demokrasia gani hii isiyo na usawa, wengine V8, wengine kwa miguu?" Lalamiko ni halali, ila neno limekosewa.

Usawa unaotajwa katika historia ya jamii za kidemokrasia ni wa hadhi: mtu hazaliwi na daraja la kisheria. Kodi, mahakama na cheo havimuulizi baba yake ni nani. Basi.

Mkanganyiko unatoka kwenye neno lenyewe. "Sawa" ni Kiarabu, kulingana. Kiswahili kikalifanya kipimo cha kimo, kama usawa wa bahari au usawa wa macho. Mtaani Tanzania, "kwa usawa huu" ni ugumu wa maisha, na hapo ndipo pesa ilipoingia.

Tazama Ufaransa. Kabla ya 1789, sehemu kubwa ya nchi kabaila, mwenye cheo cha kuzaliwa, hakulipa "taille", kodi iliyombana mkulima. Waliokishusha cheo chake ni wafalme wenyewe: wakitafuta fedha waliuza nafasi za serikali, nyingine zikiwa na ukabaila ndani yake. Kuanzia 1604 mwenye nafasi aliweza kuirithisha akilipa kila mwaka sehemu 1 kwa 60 ya thamani yake. Cheo chenye bei hakitishi sana.

Nguvu inayosahaulika ni mirathi. Kwa makabaila, kifungua mimba wa kiume ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya ardhi. Sheria ya 1804 ikasema mwenye watoto 3 au zaidi ausie apendavyo robo tu ya mali, inayobaki igawanywe sawa kwa watoto. Chukua ekari 240 na watoto 4. Robo ni 60. Zilizobaki, 180, ni 45 kwa kila mtoto, binti kwa mwana. Hata kipenzi cha baba akiusiwa robo yote anaishia na 105. Pasipo wosia kila mmoja ana 60, na wakizaa wanne wanne, mjukuu anapata 15. Jina la ukoo lipo, shamba la kulibeba halipo. Waliotaka kunusuru shamba walimwachia mmoja, wengine wakafidiwa fedha.

Ila mirathi peke yake haisawazishi watu. Pwani yetu iligawa mirathi kwa sheria ya Kiislamu karne nyingi, na bado muungwana, yaani mtu huru, hakuwa sawa na mtumwa, kwa sababu mtumwa alikuwa miongoni mwa mali inayogawanywa. Unguja ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa 1897, masuria wakaachwa nje hadi 1909. Leo muungwana ni yeyote mwenye adabu.

Wala si kura iliyotangulia: binti wa Kifaransa alirithi sawa na kaka yake 1804, akapata haki ya kupiga kura 1944.

Kwa hiyo, ndugu, mwenye V8 na dereva wake wakisimama mbele ya hakimu mmoja kwa sheria moja, usawa wa hadhi upo. Kinachokukera ni pengo la kipato; liite hivyo.