Kinyonga hafuati rangi ya jezi yako

Jumamosi iliyopita, saa mbili na nusu usiku, nilikuwa na wageni sita kutoka Dar pembezoni mwa msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, huku kwetu Usambara Magharibi. Tochi yangu ikamwangukia kinyonga dume aliyelala kwenye ncha ya tawi. Kabla sijasema neno, kaka mmoja alikuwa ameshavua jezi yake ya Simba na mwenzake ameshika ya Yanga. Wamewekeana dau: akiwekwa kwenye nyekundu atakuwa mwekundu, akiwekwa kwenye kijani atakuwa kijani. "Kaka, mchukue basi, tuone."

Sikumchukua. Nimeongoza matembezi ya usiku kwa miaka mingi, na hakuna wiki inayopita bila mtu kuniletea kofia, kanga au skafu kwa jaribio hilo hilo. Kwa hiyo leo naandika yote, nikiulizwa tena niwape watu hapa pa kusoma.

Kinyonga hanakili rangi ya alichokikanyaga. Rangi yake inatokana na joto la mwili, mwanga, hofu, hasira na habari za ndoa. Dume akikutana na dume mwenzake anang'aa, anajitanua ubavu ili aonekane mkubwa. Jike mwenye mayai akifuatwa na dume huweza kujitia giza na madoa, maana yake niondokee. Asubuhi za baridi, hasa Juni na Julai ambapo Lushoto tunavaa makoti mpaka saa nne, anakuwa mweusi kwa sababu weusi unavuta jua. Akishapata moto, anarudi kwenye kijani chake.

Ndani ya ngozi mambo yanakwenda hivi. Juu kuna seli zenye rangi ya njano. Chini yake kuna seli zilizojaa fuwele ndogo mno za guanini, kemikali inayotengenezwa na mwili wenyewe. Fuwele zikikaribiana zinarudisha mwanga wa buluu, na buluu ikipita kwenye njano wewe unaona kijani. Zikiachana, rangi inasogea kwenye njano, chungwa, hata nyekundu. Weusi una njia yake: chembe za melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, zinapanda na kutandaa karibu na uso wa ngozi. Habari ya fuwele ilielezwa mwaka 2015 na watafiti wa Geneva waliomchunguza kinyonga wa Madagaska. Hawa wetu wa Usambara si wale, kwa hiyo namna wanavyogeuka naieleza kwa kile ninachokiona vichakani.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Jaribio la jezi huwa linaleta jibu, na jibu hilo ndilo linaloendeleza uongo. Mtu anamng'oa kinyonga kwenye tawi, anamweka juu ya koti jeusi, na baada ya dakika mbili kinyonga anaanza kuwa mweusi. Watu wanapiga makofi: "Mnaona! Anafuata koti!" Ameshikwa na kiumbe mkubwa kuliko yeye mara elfu, ameondolewa alipolala, amemulikwa macho na tochi sita. Angewekwa juu ya shuka jeupe angekuwa mweusi vilevile. Ule weusi ni hofu. Nimeona watu wazima wakifurahia hofu ya mnyama wakidhani ni mchezo wake, na walikuwa watu wema kabisa, wangehuzunika kama angekuwa mbwa analia. Kinyonga hana sauti ya kulia. Ana ngozi.

Wapo pia wanaovuka upande wa pili na kusema rangi haina uhusiano wowote na kujificha. Hapana. Kijani na kahawia anazozaliwa nazo tayari ni rangi za majani na magome, na ule mwendo wake wa kuyumba mbele na nyuma unamfanya afanane na jani linalopigwa na upepo. Kuna vinyonga wadogo wa Afrika Kusini walioonekana wakibadilika tofauti mbele ya ndege na mbele ya nyoka. Kwa hiyo nakataa jezi, sikatai kujificha.

Lugha yetu nayo imemwonea. Mwanasiasa akihama chama tunamwita kinyonga, kigeugeu. Lakini kigeugeu huficha kilicho moyoni, na huyu ndiye asiyeweza kuficha. Hasira yake, baridi yake, woga wake, vyote viko nje. Wanasayansi angalau wamempa heshima: mwaka 2006 jenasi nzima, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki ilipewa jina Kinyongia, kutoka Kiswahili chetu. Yule wa Jumamosi, mwenye pembe mbili bapa zilizochomoza puani, ni wa jenasi hiyo, aina ya Usambara Magharibi. Msitu wa Amani, ambao wageni nao huuomba, uko Usambara Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, na una vinyonga wake wengine. Msiniombe Magamba na Amani kwa siku moja.

Kuhusu watoto wanaosimama njiani na kinyonga kwenye kijiti: usilipe, hata kwa picha. Ukilipa leo, kesho watakamatwa vinyonga watatu. Nasema hivi na moyo wangu hautulii, kwa sababu mtoto yule anataka hela ya daftari na mimi najilipia karo za wanangu kwa kinyonga huyo huyo. Hata tochi zetu nina shaka nazo. Usiku kinyonga hupauka, ndiyo maana anaonekana kwa urahisi, naye hulala nchani kabisa ili nyoka akipanda tawi litikisike. Sisi nasi tunalitikisa. Siku hizi nasimama hatua tatu nyuma, namulika kwa dakika moja, tunasogea. Huenda hata hiyo ni nyingi.

Yule dume tulimwacha alipo. Asubuhi saa mbili nikarudi na wale kaka wawili, kila mmoja na jezi yake mwilini. Alikuwa ameshuka kidogo kwenye tawi lile lile na kuugeuzia mwanga ubavu wa kushoto, mweusi tii. Ubavu wa kulia ulikuwa bado kijani kilichopauka. Shabiki wa Yanga akazunguka mti mara mbili akitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mbona upande huu haujawa mweusi?"

"Jua halijaufikia."