Ganzi na maumivu ya miguu: yanayosemwa mtaani na yanayopimika

"Ni baridi tu ya huku."

Ukiishi Makete, Njombe au Uyole, ikifika Juni na Julai kila kiungo kina kisingizio. Ni kweli baridi husinyaza mishipa ya damu na vidole vikafa ganzi, ila ganzi hiyo huondoka dakika chache baada ya kupata joto. Inayobaki saa saba mchana jua likiwaka, au inayokuamsha usiku ukiwa ndani ya mablanketi mawili, ina sababu nyingine. Baridi yabisi nayo tusiibebeshe lawama isiyo yake. Huo ni ugonjwa wa viungo: huvimbisha na kukakamaza, hauanzi kwa kuua hisia za nyayo.

Kinachonisumbua zaidi ni tiba inayofuata dhana hii, yaani jiko la mkaa. Mtu anasogeza miguu mpaka inakaribia makaa, na anayeshtuka ni aliyekaa upande wa pili, kwa harufu ya soksi inayoungua. Mwenye mguu hajasikia kitu. Akiwa na kisukari, lengelenge hilo laweza kugeuka kidonda cha kukatisha mguu. Hata maji ya kukandia yapimwe kwa kiwiko, au mtu mwingine ayaguse kwanza.

"Amekanyaga kitu."

Imani ya mtu sibishani nayo. Ila chale kwenye mguu usiosikia maumivu ni kutafuta kidonda, na mahali ganzi ilipo panaeleza mengi kuliko tunavyodhani.

Ikianzia vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda taratibu kama soksi inayovutwa, tatizo kwa kawaida ni la mwili mzima. Mishipa mirefu ya fahamu ndiyo huumia kwanza, na inayotoka kiunoni hadi vidoleni hufika karibu mita moja. Hapo wa kutafutwa ni kisukari, upungufu wa vitamini B12, VVU, dawa fulani, au pombe ya miaka mingi. Ulanzi na komoni vimo, hata kama ni vya asili.

Ikiwa ni mguu mmoja, na maumivu yanashuka kutoka kiunoni kupitia nyuma ya paja hadi unyayoni, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni. Wabeba lumbesa za viazi wanaufahamu. Ganzi ya upande wa nje wa paja peke yake huweza kuletwa na mkanda unaobana. Na baka la ngozi lisilosikia ukiligusa lipelekwe zahanati mapema: ukoma bado upo, na dawa zake, za miezi 6 au 12, hutolewa bure.

"Nimepimwa kila kitu, niko safi."

Uliza hicho "kila kitu" ni nini. Mara nyingi utakuta ni malaria, taifodi, mkojo na wingi wa damu, pengine na eksirei ya kiuno. Eksirei huonyesha mifupa. Mshipa wa fahamu hauonekani humo, wala diski (mto laini kati ya pingili za mgongo) iliyochomoza haionekani.

Kipimo cha kwanza hakina mashine. Viatu na soksi vinavuliwa, vyote. Daktari anagusa kwa pamba huku umefumba macho, anagonga goti na kisigino kwa kinyundo, anabonyeza unyayo kwa uzi maalumu unaopinda kwa uzito wa gramu 10, anakusimamisha kwa visigino kisha kwa ncha za vidole. Kama umeandikiwa dawa za miguu na hakuna aliyeigusa, bado hujapimwa. Nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu hutokea sana.

Kisha damu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L au zaidi, na ikarudiwa ikaonyesha vilevile, ni kisukari. Wapo wanaokigundua hivyo, kupitia nyayo zinazowaka moto.

"Bila MRI hakuna jibu."

Familia huuza shamba kwa ajili ya picha hii ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Maumivu mengi ya mshipa uliobanwa kiunoni hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa, mazoezi na kuendelea kutembea, na picha haibadilishi tiba. Lakini ganzi ikishika sehemu za siri na makalio, mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, au miguu ikilegea haraka, usingoje gari la kesho. Huyo ni mgonjwa wa hospitali ya rufaa siku hiyohiyo. Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda huenda ni TB ya uti wa mgongo.

"Miguu kuwaka moto? Huyo anao."

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, kwa hiyo kupima VVU ni jambo la busara. Kumhukumu jirani kwa miguu yake si busara. Aliye kwenye dawa naye amwambie mhudumu wa CTC (kliniki ya VVU) kuhusu ganzi hiyo: isoniazidi, ya kukinga TB, huweza kuleta ganzi, ndiyo maana huambatana na vitamini B6.

"Sindano za vitamini zinamaliza."

Zinamsaidia aliyepungukiwa, kwa mfano anayetumia metformini kwa miaka, maana hupunguza B12. Ila B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe huharibu mishipa ya fahamu, na sindano ya kalio ikipigwa pasipo pake inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa mguu.

"Kanipa dawa ya vichaa."

Amitriptilini hutumika kwa sonona, lakini kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, hata pale ambapo sababu haijapatikana baada ya vipimo vyote. Humezwa jioni, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na hulewesha usingizi. Mwenye bodaboda asiiwashe asubuhi ya kwanza.