Hana cheti cha kidato cha nne, chuoni akafanye nini?

Hapa Malindi, mzazi wa kijana mwenye ulemavu wa akili akitaja chuo, huulizwa hivyo hivyo. Dhana ni kwamba chuo ni digrii tu, na kumpokea kijana huyo ni kumwonea huruma.

Sivyo. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kimekuwa na mpango wa kuwapokea vijana wenye ulemavu wa akili tangu 1987. Marekani nayo, kwa sheria ya 2008, ilimruhusu mwanafunzi kama huyo kupata msaada wa ada wa serikali hata bila cheti cha sekondari, mradi mpango wa chuo umeidhinishwa. Wengi hawatunukiwi digrii, na hawakudanganywa kwamba watatunukiwa. Hukaa darasa moja na wenzao, ila kazi hupunguzwa au kubadilishwa.

Chukua somo la mapishi. Wenzake wanaandika vipimo vya mahamri. Yeye anapanga kadi za picha: unga, sukari, hamira, iliki, tui. Mtihani wake ni kukanda, kusubiri unga uumuke, na kukaanga bila kuunguza. Hapo huruma haisaidii kitu, hamri bichi litaonekana tu.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa kijana huyo haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii. Kwa hiyo, mama, ukifika ofisini usianze na alama. Uliza nani atamsaidia darasani, atamaliza akijua kazi gani, na nani atamfundisha kupanda tuktuk peke yake.