Una Haki ya Kujua Gharama ya Ushauri Nasaha Kabla Hujaanza

Mtu akinipigia simu mara ya kwanza, hunieleza usingizi uliomkimbia, ndoa inayoyumba, au msiba asioweza kuuzungumza nyumbani. Bei haiulizi. Anaona haya, kana kwamba kutaja pesa ni kuonyesha kuwa hajali afya yake. Baada ya vikao vitatu anatoweka, na nikimtafuta nasikia aliogopa bili. Hilo huniuma, kwa sababu anaondoka kidonda kikiwa kimefunguliwa tu.

Hapa Marekani huna sababu ya kuona haya. Tangu Januari 1, 2022, sheria iitwayo No Surprises Act inatutaka watoa huduma za afya, washauri nasaha tukiwemo, tumpe mteja asiye na bima makadirio ya gharama kwa maandishi. Karatasi hiyo inaitwa Good Faith Estimate. Litaje jina hilo kama lilivyo ukipiga simu, hata kama mazungumzo mengine ni ya Kiswahili, maana ndilo wanalolijua mapokezi.

Mwenye bima naye anahusika, iwapo ameamua kulipa mwenyewe bila kupeleka dai kwa bima yake. Katika kazi yetu hao si wachache: wengine hawataki tatizo lao la kiakili liingie kwenye kumbukumbu za kampuni.

Ukiweka miadi ya siku 3 za kazi au zaidi mbele, karatasi ikufikie ndani ya siku 1 ya kazi. Miadi ikiwa siku 10 za kazi mbele au zaidi, tunapewa siku 3. Ukiiomba kabla ya kuweka miadi yoyote, ni siku 3 vilevile. Kutajiwa bei kwa mdomo hakutoshi.

Ugumu uko kwenye idadi ya vikao. Mpasuaji wa goti anajua kazi yake itaishia wapi. Mimi, kabla sijakusikiliza, sijui hata tatizo lako linaitwaje, na sitakiwi kulibuni. Kwa hiyo makadirio yangu ya kwanza ni ya kikao cha tathmini peke yake, chenye namba ya huduma 90791. Tukishaonana naandika ya pili, ya safari nzima, ambayo yanaweza kufika hadi miezi 12. Humo utaona 90834, kikao cha kama dakika 45, au 90837, cha kama saa moja. Zitunze namba hizo. Ukikaa dakika 45 kisha bili ikaandikwa 90837, uliza.

Wapo wenzangu wanaoandika bei ya kikao kimoja tu bila kusema vikao vingapi. Naliona hilo ni kosa kubwa, kwani jumla ndiyo silaha yako. Bili ya mtoa huduma ikizidi jumla ya makadirio yake kwa dola 400 au zaidi, unaweza kuipinga serikalini kupitia cms.gov/nosurprises, ndani ya siku 120 tangu tarehe ya bili ya kwanza. Ada ni dola 25, na ukishinda inakatwa kwenye deni lako. Shauri likiendelea, mtoa huduma haruhusiwi kukupeleka kwa wakusanya madeni. Tuseme karatasi ilitaja vikao 10 vya dola 150, yaani dola 1,500, halafu kwa vikao hivyohivyo ukadaiwa 1,950: hapo unayo kesi. Ukidaiwa 1,700, njia hiyo imefungwa, ila bado una karatasi ya kuweka mezani na kudai maelezo.

Makadirio si mkataba. Hayakufungi kumaliza vikao vyote, na huduma ikibadilika, tuseme nikiona tukutane mara mbili kwa wiki, lazima nikupe mapya walau siku 1 ya kazi kabla.

Mimi huyasoma pamoja na mteja mwishoni mwa kikao cha kwanza, jumla naitamka kwa sauti, kisha nanyamaza. Mama mmoja aliitazama jumla kwa muda mrefu, akasema kila wiki hataweza. Tukapanga kila baada ya wiki mbili, nikaandika karatasi nyingine palepale, na akaja mpaka tulipokubaliana kuwa imetosha.