Je, wajua kwa nini mchoro wa shabiki hufa WhatsApp na kuishi Tumblr?

Chora picha ya mchezaji wa Simba au Yanga, au ya mhusika wa tamthilia ya Kikorea unayoifuatilia, kisha irushe kwenye grupu la WhatsApp jioni. Asubuhi inaweza kuwa imeshazunguka magrupu kumi, lakini jina lako halipo popote na mistari imeanza kufifia. Baada ya miezi miwili anayeitafuta hataipata. Irushe hiyohiyo Tumblr, mtandao wa blogu fupi za picha na maandishi, na mwakani mtu asiyekujua kabisa anaweza kuikuta ikiwa na jina la blogu yako. Wingi wa watu hauhusiki hapa, maana kwa Afrika Mashariki WhatsApp inaiacha Tumblr mbali sana. Kinachohusika ni kile ambacho mtandao unaifanyia picha baada ya wewe kubonyeza kitufe cha kutuma.

Tuanze na WhatsApp, kwa kuwa ndiko ushabiki mwingi wa kwetu uliko. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa ili isile bando. Picha ya jukwaani siku ya mechi haidhuriki sana. Mchoro wenye mistari myembamba, au bango lenye maandishi madogo, ndio unaoumia, na kila anayeupiga skrini na kuutuma upya anaubana tena. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD kinachotokea kabla hujatuma. Kinapunguza madhara lakini hakiyaondoi. Ukitaka ifike kama ilivyo, itume kama faili: bonyeza alama ya kiambatisho, chagua nyaraka badala ya picha, halafu itafute ilipo.

Ila hapo pana mtego. Picha ya kamera ikitumwa kama faili hubeba taarifa zake zote za ndani, na kama kamera yako inarekodi eneo, basi mahali ulipoipigia pamo humo. Mchoro uliotengenezwa kwenye programu hauna shida hiyo. Jezi mpya uliyoipiga picha sebuleni kwako inayo.

Jambo la pili ni kwamba WhatsApp si ghala. Picha ikishapokelewa, makazi yake ni simu za watu, na siku simu inapojaa na mwenyewe kuanza kufuta, imekwenda. Mwanachama mpya kwa kawaida haoni yaliyosemwa kabla hajaingia, ndiyo maana magrupu ya mashabiki huulizwa maswali yaleyale kila wiki mpaka maadmini wanachoka. Ukisambaza ujumbe, jina la mwandishi wa kwanza haliendi nao. Kinachobaki ni alama kwamba umesambazwa. Ukishapita mikono mitano au zaidi unawekewa alama ya kusambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo hutumwa kwa gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayechora au kutengeneza mabango aandike jina lake ndani ya picha yenyewe, tena karibu na kiini chake, mathalani juu ya kifua cha jezi. Jina la pembeni hukatwa kwa sekunde mbili.

Halafu kuna namba yako. Grupu la WhatsApp huchukua hadi watu 1,024, na namba ya simu yako iko wazi kwao. Wasichana kwenye magrupu ya mpira wanazijua vizuri salamu za inbox zinazofuata. Nenda Mipangilio, Faragha, Makundi, uweke kwamba watu ulionao kwenye orodha yako tu ndio wanaoweza kukuingiza kwenye grupu. Kwenye chaneli za WhatsApp wafuasi hawaonani namba, lakini chaneli ni ya kusoma na kuweka emoji. Kwa utani wa watani wa jadi haikufai hata kidogo.

Telegram imejengwa kinyume chake karibu kwa kila kitu. Vitu hukaa kwenye seva, faili moja linaweza kufika GB 2, grupu huchukua hadi watu 200,000, na ukisambaza ujumbe jina la chanzo huenda nao, isipokuwa anayesambaza ameamua kulificha. Chaneli humwonyesha aliyejiunga leo kila kilichowekwa tangu mwanzo. Grupu la siri halifanyi hivyo mpaka admini afungue historia kwa wanachama wapya, na wengi husahau. Kwa wafuatiliaji wa tamthilia kuna kitu kizuri zaidi: unaweza kuyafunika maneno yanayotoboa siri, asomaye akayafunua mwenyewe kwa kuyagusa. Yachague maneno, fungua menyu ya muundo, bonyeza Spoiler. Kabla ya yote hayo nenda kwenye faragha, uweke kwamba namba yako haionwi na mtu yeyote.

Kama ushabiki wako ni wa dakika ileile, yaani goli limeingia na unataka kubishana sasa hivi, X ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Tatizo ni kwamba Tanzania iliifungia Mei 2025. Walio Kenya au Ulaya wakiitumia siku ya dabi, wasome upande wa wanaowafuata na si ule wa mapendekezo, maana mapendekezo hayafuati saa: malalamiko ya penalti ya jana yanaweza kukufikia leo kama mapya. Hukuitazama mechi na hutaki matokeo? Nyamazisha majina ya timu zote mbili kwa saa 24. Mpangilio huo upo kwenye faragha, sehemu ya maneno yaliyonyamazishwa.

Vipande vya magoli ni habari nyingine. Azam Media ilinunua haki za Ligi Kuu Bara kwa miaka 10 mwaka 2021, kwa shilingi bilioni 225.6, na mwenye haki ana njia ya kuondoa video yako Instagram au YouTube. YouTube kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mfumo ukiitambua video peke yake, mara nyingi mapato huenda kwa mwenye mali au video huzuiwa, lakini akaunti inabaki salama. Mwenye mali akileta ombi rasmi la kuiondoa, hilo ni onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli nzima. Kuweka muziki juu au kugeuza picha kushoto kulia hakukufanyi mmiliki.

Sasa Tumblr. Mtu akikuposti upya kule, posti yako husafiri nzima na jina la blogu yako likiwa juu, na laiki na maoni yote hurudi kwako. Alama za reli (tag) anazoweka yeye hubaki kwake, ndiyo maana watu huandika humo maoni marefu ya pembeni. Kuna foleni inayotoa posti kwa mpangilio, hata 50 kwa siku, kwa anayechora kumi Jumapili na asiyetaka kuzimwaga zote kwa mpigo. Kosa la wageni ni kufungua blogu kuu kwa jina la familia na blogu ya ushabiki kama ya pili: kulaiki na kufuata hufanyika kwa jina la blogu kuu, kwa hiyo siri inavuja siku ya kwanza. Anza na ya ushabiki. Pia si pepo. Desemba 17, 2018 ilipopiga marufuku picha za ngono, mashine zake za kuchuja zilikamata hata michoro isiyo na kosa, na wasanii wengi wakahama.

Popote utakapokaa, weka nakala. Tumblr ina kitufe cha kuhamisha kwenye mipangilio ya blogu. Telegram hufanya hivyo kwa programu ya kompyuta. WhatsApp iko ndani ya gumzo lenyewe, kwenye nukta tatu, lakini hutoa jumbe 10,000 za karibuni ukiambatisha picha, au 40,000 bila picha. Grupu lenye kelele za siku ya mechi huvuka 10,000 mapema sana, hivyo anayengoja msimu uishe ndipo ahamishe atakuta mechi za mwanzo hazimo.