Si kila riwaya nyepesi ya wanawake ni ya mapenzi

Wengi wanaamini riwaya nyepesi za wanawake, zile watu wa Nairobi hubeba wakienda likizo Mombasa, zote ni za mapenzi, ukisoma moja umemaliza zote. Inaeleweka, majalada yanafanana na mara nyingi ziko rafu moja. Lakini kwa riwaya ya mapenzi penzi ndio kiini na wasomaji wanatarajia mwisho wa matumaini, hizi zingine zinafuata maisha ya mwanamke mwenyewe, kazi, talaka, mabeste, mama mkwe, na penzi linaweza kukosa kabisa. Zote naziheshimu sana, kuchekesha mtu kurasa 300 ni kazi. Ukiwa kwa wauza vitabu vya mitumba tao, soma nyuma ya jalada ujiulize, penzi likitolewa hadithi inabaki? Halafu linganisha kurasa za kwanza za waandishi wawili, utasikia sauti si moja.